Sili Nne za Zhiguli ya Mkunga

Kokand, mtaa wa wafua shaba
Mwezi wa Januari

Kwako jora yangu, rafiki wa sinia moja, Mirzohid,

Assalamu alaykum. Kwanza naulizia afya yako, kisha naulizia goti lako la kushoto peke yake, maana nalijua, baridi ikianza halimsikilizi mtu. Hajambo binti yako Dilfuza? Na mumewe, na wale wajukuu mapacha, wameshaanza kukuvuta ndevu? Nasikia Namangan mwaka huu baridi imewashika kwelikweli. Huku kwetu mifereji imeganda na mzabibu wa uani tumeulaza chini na kuufunika udongo, ila safari hii niliinama kuufukia na kuinuka ikawa kesi. Sanobar alinivuta mkono akaniambia, "Mzee wangu, mwaka kesho tutakufukia pamoja nao." Anakusalimu sana. Anasema mtungi wa achari ya biringanya uliokuwa unauulizia kila mwaka ameuweka, wala hajaufungua.

Mimi mwenyewe mzima, lakini nimechoka. Mgongo umechoka, macho yamechoka, na kuna uchovu mwingine ambao nitaufikia huko mbele. Nimekupigia simu mara tatu. Mara mbili hukupokea. Mara ya tatu ulipokea, nikakuuliza kama theluji imeanguka, ukasema imeanguka, nikasema hata huku, tukakata. Watu waliokula pilau ya sinia moja miaka thelathini na minne tukazungumza kama watangazaji wa hali ya hewa. Kwa hiyo nimeona niandike, maana kalamu haina kitufe cha kukatia.

Nakuandikia kuhusu sili za gari ulizoniuzia. Tafadhali usiikunje barua. Ulikunja duka ukaondoka Oktoba bila kuniaga, na haki ilikuwa yako. Saa ya basi lako niliijua, sikuja kituoni. Lakini hii isome mpaka chini.

Kwanza habari za mtaa. Nabijon mchinjaji bado ananenepa na bado anaapa hali nyama. Mwalimu Xolmat amestaafu, sasa anasahihisha mabango ya maduka. Duru yetu ya Alhamisi inaendelea, kila mtu kwa zamu yake anapika na wengine wanakula, ila zamu yako ikifika tunairuka bila mtu kusema neno, na ule upande uliokuwa unakaa wewe, karibu na birika, tumejifanya kusogeleana ili pengo lisionekane. Mbele ya duka lako muuza unga anapanga magunia yake. Kile kibao chako cha "Sili, Beringi, Mikanda" bado kipo, kimefifia.

Sasa acha niseme mambo kwa mpangilio, kama mtu anayefungua injini na kupanga nati kwenye sinia. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nitayaeleza, maana nataka uone mwenyewe nilipopotelea.

Aprili Zulayho-opa aliniletea ile Zhiguli ya marehemu mumewe. Unamjua mkunga wetu, opa, dada mkubwa wa mtaa mzima, amewazalisha nusu ya vijana wa mtaa, wanangu wote wanne wakiwemo, na hata sasa na miaka yake sitini na saba akiitwa kijijini anaendesha mwenyewe. Gari lilikuwa linadondosha oili. Kila ua alioingia aliacha doa jeusi, mpaka wenye nyumba wakawa wanamwekea beseni chini ya injini kabla hawajamwekea yeye chai. Watu walimtania, "Opa, mtoto hajazaliwa, gari lako limeshatia saini!" Yeye hakucheka. Aliniambia anaogopa siku moja oili iishie njiani, injini ijifunge, na mwanamke amngoje kitandani mpaka achelewe. Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani, Mirzohid. Halikuwa doa la uani.

Nililala chini ya gari, nikaona oili inatoka pale injini inapokutana na giaboksi, nikajua ni sili ya nyuma ya kranki, ule mhimili mkuu wa injini. Sili ni kitu kidogo, pete ya mpira yenye mdomo mwembamba na springi ya duara nyuma ya mdomo. Kazi yake ni kuukumbatia mhimili unaozunguka, oili ibaki ndani na vumbi libaki nje. Inazeeka kama sisi. Moto wa injini unaikausha, mdomo unakuwa mgumu, badala ya kuukumbatia mhimili unaukwaruza. Ya Zulayho-opa niliitoa ikavunjika mkononi kama ganda la mkate wa juzi. Kwa hiyo mara ya kwanza kosa lilikuwa la umri tu, na nilikuja kwako nikachukua sili mpya. Ulinipa mbili. Ulisema ya pili niiweke akiba bure, kwa sababu gari la mjane halikosi balaa. Niliitupia kwenye droo ya meza yangu.

Ili kuifikia sili hiyo ni lazima ushushe giaboksi, utoe klachi, utoe na gurudumu zito la nyuma ya injini. Na injini inapoinama, lile kopo la chujio la hewa linagonga, kwa hiyo nalo unalitoa, na bomba la kupumulia linabaki wazi. Wewe unajua desturi yetu sisi mafundi wa bonde hili. Vumbi letu linaingia hata ndani ya yai, na pamba haijawahi kutuadimika. Kila tundu lililo wazi tunaliziba kwa pamba. Marehemu baba yangu alinifundisha kwamba kabla hujaziba, ifunge ile pamba uzi mwekundu na uache uzi uning'inie nje, ili siku ya kufunga jicho liuone. Alikuwa ananichapa mkono nikisahau. Mpaka leo kidonge cha uzi mwekundu kiko kwenye msumari pale mlangoni.

Kazi ile niliimaliza Alhamisi, mchana. Ilikuwa zamu yako ya duru, na nilikuwa nimekuahidi kukaanga nyama mimi, kwa sababu wewe, nisamehe, pilau yako huwa uji. Nilifunga haraka haraka, nikaosha mikono kwa mafuta ya taa, nikaja kwako mbio. Unakumbuka tulivyokula siku ile? Nabijon alilamba sinia.

Baada ya siku tisa gari lilirudi, linavuja palepale. Nilisema labda kranki ina mfereji uliochimbwa na ile sili ya zamani. Nikaja kwako nikachukua nyingine, ya akiba nimeshaisahau. Nikaisugua kranki kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikaupaka oili mdomo wa sili usije ukaungua kavu, nikaigonga taratibu kwa pete ya mbao izame sawa pande zote. Hata baba asingepata la kusema. Baada ya wiki mbili likarudi. Zulayho-opa akasimama mlangoni akaniambia na jambo jingine, kwamba kila asubuhi akifungua boneti anakikuta kile kijiti cha kupimia oili kimepanda juu chenyewe. Mimi nilikuwa nimelala chini, jasho machoni, nikamjibu, "Opa, kijiti kisukume vizuri, hakina miguu." Mwanamke aliyesikiliza matumbo ya watu miaka arobaini anajua kitu kikisukumwa kutoka ndani. Sikumsikiliza.

Mara ya tatu nilibadilisha mwezi Juni, kwenye joto la kupasua tikiti, mgongo ukiwa umeshakataa. Nilitumia tena sili yako. Siku ya tano likavuja. Watu wakaanza kuniuliza sokoni, kwa upole ule unaouma, "Usta, fundi wetu, ile Zhiguli bado?" Miaka arobaini ya jina, Mirzohid, na pete ya mpira inanifanya kichekesho. Nilitafuta pa kuutua ule mzigo, na uliokuwa karibu ni wewe.

Yaliyofuata uliyasikia mwenyewe, lakini nitayarudia kwa mkono wangu. Kwenye duru nyumbani kwa Nabijon, mikate haijamegwa, nilisema mbele ya wote kwamba sili zako ni za karatasi, kwamba umeanza kuuza bandia, kwamba unamuuzia mjane takataka kisha unakaa nasi kula kama mtu safi. Wewe uliweka bakuli la chai chini. Hukupandisha sauti. Uliniuliza neno moja tu, "Egamberdi, injini inapumua?" Nami nikacheka, nikawaambia jamaa, "Sikilizeni, muuza duka ananifundisha ufundi!" Wote wakacheka. Ulinawa mikono wakati hujala, ukaondoka. Nilikuona ukivaa viatu barazani, kimoja kilikuwa kinakushinda kwa sababu ya goti. Sikuinuka.

Mpaka hapo unajua. Sasa nakuja kwa usiyoyajua, na hapa ndipo mkono wangu unakuwa mzito.

Mwezi Julai nilimwambia Zulayho-opa kwamba nimeagiza sili ya kweli kutoka Tashkent. Niliagiza kweli, kwa muuza vipuri wa safu ya pili sokoni. Nikashusha giaboksi mara ya nne. Nilipoifungua sili ile kwenye karatasi yake, springi ilikuwa imechomoka na mdomo una kovu. Gari liko juu ya mawe, mwenyewe anangoja. Nikafungua droo kutafuta springi, mkono ukaikuta ile sili yako ya akiba. Niliifuta vumbi. Halafu nikaifunga, hiyohiyo.

Nilipowasha injini ili niisikilize, boneti ikiwa wazi, nilikiona kile kijiti cha kupimia oili kikipanda. Kilipanda mbele ya macho yangu, polepole, upana wa kidole. Nikazima. Swali lako lilinijia kama kofi. Nikalichomoa bomba la kupumulia, safari hii si upande wa juu tu kama mara zote, nikalitoa na kule chini linakovaa kwenye injini. Mle ndani kulikuwa na pamba. Pamba yangu, Mirzohid. Ile niliyozibia mwenyewe Aprili, imeteremka mpaka chini ya bomba, imelowa oili, imekuwa nyeusi, imekaza kama kizibo cha chupa. Haikuwa na uzi mwekundu. Siku ile ya haraka ya kuja kwako kukaanga nyama, sikufunga uzi.

Injini ilikuwa miezi mitatu haina pa kupumulia. Pumzi yake ilitafuta mahali dhaifu pa kutokea, ikapita kwenye sili, na oili ikaifuata. Ungeweka sili ya dhahabu ingevuja. Sili zako zote zilikuwa nzima. Tatu nilizozitupa nilizitupa nzima.

Hilo ni kosa, na kosa hata fundi mkubwa hukosa. Hilo si ungamo langu. Ungamo langu ni lililofuata.

Niliiweka ile pamba mfukoni nikatoka kuja dukani kwako. Ni mwendo wa dakika kumi. Nilifika kwa muuza unga. Nilikuona kupitia kioo, unafuta beringi mojamoja kwa kitambaa na kuzirudisha palepale, duka halina mteja hata mmoja. Nikasimama. Nikaona jinsi nitakavyosema, na jinsi Nabijon atakavyocheka, na watu watakavyouliza kama mzee Egamberdi bado anaweza kuaminiwa na gari. Nikageuka. Nikanunua kilo mbili za unga tusiouhitaji, nikarudi nyumbani.

Gari halikuvuja tena. Zulayho-opa aliniletea sambusa za maboga, akatembea mtaa mzima akisema usta Egamberdi ameshinda. Watu wakaniuliza siri ni nini. Nikasema, "Sili nzuri." Hilo tu. Kila aliyelisikia alilimalizia mwenyewe, na kila mara nilipolisema duka lako lilipungukiwa mtu. Nilijua. Nilihesabu mabasi ya Namangan siku uliyoondoka, mpaka lako likapita.

Miezi sita nimekula pilau na neno hili mdomoni. Nikilala linalala nami. Sanobar alidhani ni ini, akanipeleka kwa daktari, daktari akaniambia nisile mafuta.

Kilichonishinda ni kitu kidogo. Mwezi uliopita mjukuu wangu Nozima, ana miaka sita, alikuja kutoka kwenye theluji na glavu yake imepasuka, maji yameingia. Akaivua akaninyooshea, akaniambia, "Babu, ona, hii ni sili ya Mirzohid." Nikamuuliza Mirzohid ni nani. Akasema hajui, ndivyo watu wanavyosema kitu kikiwa kibovu. Wewe ndiye uliyemletea Nozima viatu vyake vya kwanza. Nilitoka nikaenda kusimama karakana, mlango nimeufunga, nikalia kama mtu aliyefiwa. Jina la mtu safi nimelifanya neno la kutukania glavu.

Alhamisi iliyopita duru ilikuwa kwangu. Nilipika, nikakutandikia mkeka wako karibu na birika, nikaweka bakuli lako. Walidhani unakuja, Nabijon akanyoosha fulana yake. Kabla hatujagusa chakula nilitoa ile pamba kwenye kopo la chai nilimoificha, nikaiweka kwenye sahani katikati ya mikate, nyeusi vile vile na inanuka. Nikasema yote, tangu uzi mpaka unga. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Xolmat aliuliza, "Na uzi wa marehemu baba yako?" Nabijon akasema, "Usta, miezi sita umekaa na sisi na hili tumboni? Hata sumu haikai hivyo." Nikawaambia wanitoze faini kama desturi ya duru. Nabijon akakataa. Akasema faini ni ya anayechelewa na anayemwaga chai, hii ataipanga Mirzohid. Pilau ilipoa, watu wakainuka mmojammoja. Asubuhi nilisimama sokoni, kwenye mlango wa msikiti, na kwa muuza unga, nikairudia kwa kila aliyekuwa na masikio. Wengine walinipa mkono. Wengine hawakunipa.

Kwa Zulayho-opa nilikwenda mwisho, maana yeye ndiye niliyemwogopa zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akasema, "Kijiti hakina miguu, eh?" Nilipomwambia nitakuandikia, akasema barua ya namna hii haipelekwi na posta.

Sikuombi urudi. Hapo sina haki ya kuomba. Magunia ya muuza unga nimeyahamisha mwenyewe, mgongo huuhuu, na kibao chako nimekipaka rangi upya, herufi kwa herufi, mwalimu Xolmat akisimamia. Ukiniambia nikitoe nitakitoa. Mkeka wako Alhamisi utatandikwa, ukija au usipokuja, na hatutasogeleana tena.

Msalimie Dilfuza na mumewe, wapapase mapacha vichwa kwa niaba yangu. Sanobar anasema achari inangoja. Mungu akuzidishie miaka, na goti alilegeze.

Aliyekuletea barua hii ni Zulayho-opa, na bila shaka sasa hivi yuko sebuleni kwenu anakataa chai ya pili. Amekuja na ile Zhiguli, barabara yote ya Namangan, na sili iliyomo ndani ni ile uliyonipa akiba bure. Nimemwomba aiegeshe mbele ya lango lenu, juu ya theluji safi, asiiondoe mpaka umalize kusoma. Vaa viatu taratibu, Mirzohid, toka nje, mwambie aisogeze nyuma hatua kumi, kisha tazama pale ilipokuwa imesimama. Theluji utaikuta nyeupe.

Ni mimi niliyekukosea,
Egamberdi